Anayegawa Leseni za Bangi Analipwa na Nani?

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa sheria, habari za jioni. Najua wapo waliovutwa humu na neno "bangi" kwenye tangazo. Karibuni, ila nitawavunja moyo: nimekuja kuzungumzia mgongano wa maslahi.

Sheria ya shirikisho ya Marekani ya 1970 iliharamisha bangi nchi nzima. Majimbo yakaja kujihalalishia yenyewe, Colorado na Washington yakitangulia 2012 kwa matumizi ya starehe. Kila jimbo likalazimika kuunda msimamizi wake, na mkononi mwa msimamizi huyo kuna leseni. Aliyeipata anafungua duka. Asiyeipata anaendelea kulipia pango la jengo tupu.

Michigan waliunda bodi ya watu watano. Mwaka 2017 Gavana Rick Snyder alimteua Rick Johnson kuwa mwenyekiti. Johnson aliwahi kuwa Spika wa bunge la jimbo, kisha akawa mtu wa kulipwa kuwashawishi wanasiasa. Sheria ilikataza wajumbe kuwa na maslahi katika biashara hiyo. Imeandikwa vizuri tu. Akala kwa urefu wa kamba yake. Mwaka 2023 alikiri mahakamani kupokea rushwa ya zaidi ya dola 110,000 kutoka kwa watu waliotaka leseni, akafungwa miezi 55. Bodi yenyewe ilikuwa imeshavunjwa mwaka 2019 na Gavana Gretchen Whitmer, kazi ikahamishiwa kwa wakala wa serikali.

Hiyo ni rushwa ya wazi, haihitaji mhadhara. Kinachonisumbua mimi ni kisa cha jimbo la Oregon.

Shemia Fagan alikuwa Katibu wa Jimbo, cheo cha kuchaguliwa kwa kura, na kitengo cha ukaguzi kilikuwa chini yake. Wakaguzi wake walikuwa wakiichunguza tume inayosimamia pombe na bangi. Mapema 2023, ukaguzi ukielekea ukingoni, akachukua kazi ya ushauri kwa kampuni yenye uhusiano na La Mota, wenye maduka mengi ya bangi jimboni, ambao walikuwa wamemchangia kwenye kampeni. Malipo yalikuwa dola 10,000 kwa mwezi. Mshahara wake wa uongozi ulikuwa kama dola 77,000 kwa mwaka. Pigeni hesabu wenyewe. Mkataba ukaahidi pia dola 30,000 kwa kila leseni atakayosaidia kupatikana nje ya Oregon.

Alijiondoa kwenye ukaguzi, ndiyo. Lakini kazi ilikuwa karibu imekwisha, na huko nyuma alikuwa ameshawashauri wakaguzi wamsikilize mmoja wa wamiliki wa La Mota. Sasa hapo unajiondoa kwenye nini? Mei 2023 alijiuzulu.

Kuna utetezi kwamba leseni hizo zilikuwa za "nje ya Oregon", kwa hiyo hakuna mgongano; mimi siukubali. Pesa ya mfanyabiashara haina mpaka wa jimbo ikishaingia kwenye akaunti yako. Kwa hiyo ningependa kifungu kiseme hivi: anayesimamia au kukagua biashara hii asipokee senti ya mwenye leseni, popote alipo, wala mwenzi wake asipokee, na tarehe ya kujiondoa itangazwe kabla mkaguzi hajafungua faili la kwanza. Kama mshahara hautoshi, bunge liupandishe hadharani, tubishane juu ya tarakimu hiyo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali.