Samaki Wapo, Chaza Je?

Assalaamu alaykum. Sheha wetu, mama zangu wa chaza, wavuvi na wanafunzi, ahsanteni kwa kunipa nafasi kabla maji hayajapwa. Najua bamvua halimngoji mtu, nami sitawaweka.

Nimekaa Chwaka siku kadhaa, na kuna neno nalisikia kila nikiuliza hali ya bahari: “Samaki wapo, maji mazima.” Neno hilo ndilo lililonileta mbele yenu, na nitalipima kwa madini yaitwayo nikeli.

Nikeli imo kwenye vijiko visivyoshika kutu, kwenye hereni za bei rahisi, kwenye baadhi ya betri. Ikiwa chuma kigumu hutoka kidogo kidogo sana. Balaa ni inapoyeyuka. Salfeti ya nikeli na kloridi ya nikeli, zinazotumika viwandani kung'arisha vyuma, huyeyuka majini kama chumvi ya mezani. Oksidi ya nikeli hutua chini kama mchanga. Kwa hiyo mtu akikwambia uzito wa nikeli iliyomwagika, muulize kwanza: imeyeyuka kiasi gani?

Kupima sumu ya nikeli, maabara huwatumia wadudu wadogo wa maji baridi waitwao dafnia. Huchukuliwa ambao hawajatimiza saa 24 tangu kuzaliwa, wakatiwa watano watano kwenye vikombe vya maji yenye nikeli ya viwango mbalimbali. Zikipita saa 48, unakitikisa kikombe taratibu na kuhesabu sekunde 15. Dafnia mzima hupanda na kushuka majini kwa kurukaruka. Aliyedhurika utamkuta chini, vipapasio vikicheza bado, lakini mwili hauondoki. Huyo keshahesabiwa. Mimi kila nikiwaona hivyo, moyo huniuma, ingawa ndiyo kazi yangu.

Maji yenye chokaa nyingi humpunguzia dafnia madhara, kwa sababu kalsiamu na magnesiamu hugombania na nikeli mlango ule ule wa kuingilia mwilini. Ndiyo maana matokeo ya maji laini, yaani yenye chokaa kidogo, ya nchi nyingine hayawezi kubandikwa moja kwa moja kwenye maji ya visima vyetu vya mawe ya matumbawe.

Sasa bahari. Mwaka 2002 watafiti wa California walichapisha majaribio yao ya muda mfupi. Samaki mdogo wa pwani ya huko, kiwango kilichoua nusu yao kwa saa 96 kilikuwa mikrogramu 26,560 za nikeli kwa lita; mikrogramu milioni moja ndiyo gramu moja. Vichanga vya konokono wa bahari anayeliwa, nusu yao waliharibika kimaumbile ndani ya saa 48 kwa mikrogramu 145.5 tu. Chukueni simtanki la lita 1,000. Samaki huyo anahitaji nikeli ya uzito wa kijiko kikubwa kimoja na nusu cha chumvi. Vichanga vya konokono, hata robo gramu haifiki. Tofauti ni zaidi ya mara 180!

Mama zangu, chaza na kombe mnaookota ni jamaa wa konokono huyo, nao wakiwa wachanga huelea majini, gamba lao likiwa bado halijakomaa. Hamtawaona wakifa. Mtaona tu, baada ya misimu, kapu linarudi jepesi, na samaki bado wanapita.

Na hata saa 48 hazimalizi habari. Marekani imeweka kikomo cha mikrogramu 74 kwa lita kwa maji ya bahari yanayochafuka kwa muda mfupi, lakini yakikaa na nikeli muda mrefu kikomo hushuka hadi 8.2. Mnyama anaweza kuvuka siku mbili na asiweze kuzaa.

Nimeleta chupa kumi na mbili za kuchukulia maji tuyapime nikeli, zimeoshwa kwa asidi. Mkishuka leo, jazeni pale mnapookotea, si ufukweni. Vueni pete na bangili kwanza, na msiguse mdomo wa chupa kwa kidole. Andikeni saa na mahali kwenye karatasi yake. Nitawasubiri hapa hapa chini ya mkungu mpaka maji yajae.