Kuumeni na Kukeni: Kromosomu Y Inamsemea Nani?

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu, na vijana mliojaa huko nyuma.

Karatasi hii ni nasaba ya upande wa babu yangu: fulani bin fulani, majina kumi na manne. Mfikirieni aliyekuwa akiinakili. Akikosea herufi moja, kila atakayenakili kwake atalirithi kosa lile. Ukikuta nakala mbili zina kosa moja mahali pamoja, umeshajua asili yake ni moja.

Kromosomu Y, kipande cha DNA (maandishi ya urithi mwilini) alicho nacho mwanamume, ndivyo ilivyo. Ina herufi kama milioni 60, za aina nne tu: A, C, G na T; baba humpa mwanawe wa kiume karibu vilevile. Mara mojamoja herufi moja hugeuka. Palipokuwa na T pakawa G, kwenye alama iitwayo M172, ndipo lilipochipuka tawi la ukoo liitwalo J2. Mwaka 2002 wanasayansi waliyapanga matawi makuu kwa herufi A hadi R. Siku hizi yamefika T. Ya kale kabisa yako hapahapa Afrika, na wanaume wengi wa Kibantu wamo katika E.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa pwani yetu: Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa. Profesa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia, alikuwa miongoni mwa walioufanya. Kuumeni, Mtwapa na Faza, wengi walikuwa J2, tawi la upande wa Asia ya kusini-magharibi. Kukeni, kwa DNA nyingine ambayo mama ndiye huirithisha, karibu wote walikuwa L, ukoo wa Kiafrika (herufi hii ni ya orodha ya akina mama, siyo ile ya Y). Damu hizo, ya Asia na ya Afrika, zilianza kuchanganyika karibu mwaka 1000. Kumbe wazee waliotuhadithia Washirazi, wale mababu waliotoka Uajemi, hawakubuni.

Lakini taratibu, jamani. J2 peke yake haikutaji Uajemi. Imejaa Uturuki, Ugiriki, Italia, hata India. Uajemi ulijulikana waliposoma DNA yote, siyo Y tu. Tena wengi wa waliofukuliwa Mtwapa walizikwa karibu na msikiti, makaburi ya wenye hadhi. Mvuvi wa kawaida hatumwoni vizuri hapo.

Huniuma kijana anapopeleka mate yake maabara, akaletewa herufi moja na tarakimu, akatangaza, "Mimi si Mwafrika." Mwanangu, hesabu nami. Wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, halafu wanane. Ukifika kizazi cha kumi una nafasi 1,024. Kromosomu Y inamsemea mmoja tu. Watu wale wa pwani, wengi wao zaidi ya nusu ya DNA yao ilikuwa ya Kiafrika, na sehemu kubwa ya hiyo ilitoka kwa mama zao. Lugha ninayowahutubia sasa ni ya Kibantu. Haikuja na jahazi.

Katika karatasi hii jina la mwanamke halimo hata moja. Nilimuuliza shangazi yangu mama yake huyu wa tatu hapa aliitwa nani. Alifumba macho kidogo, akanitajia. Nimeliandika pembeni, kwa penseli.