Kadi ya mchango, kilomita za Shela

Assalam aleikum mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma. Nimeombwa nizungumzie matembezi ya hisani yalivyoanza, na najua mtu wa Lamu atauliza, kutembea nako ni kazi? Si kila siku twatoka Mkunguni hapa mjini hadi kijijini Shela kwa miguu, na zefe, yale maandamano ya Maulidi, twalifuata tangu wadogo, sasa nani atoe pesa kwa hilo?

Siri iko kwenye kadi. Mwaka 1969 kule Bismarck, North Dakota, Marekani, watu kama 1,000 walitembea kuchangia wenye njaa wakapata kama dola 25,000, na 1970 March of Dimes, shirika la huko huko la afya ya watoto, nao wakaanza yao miji ya San Antonio na Columbus. Kabla ya siku yenyewe unazunguka na kadi, kwa shangazi, kwa mwenye duka, kwa mwalimu, kila mtu anaandika atatoa ngapi kwa kila maili utakayomaliza. Yani asiye na kitu mfukoni naye anachanga, anachanga miguu.

Harambee twaijua tangu Mzee Kenyatta 1963, imejenga mashule, siibezi hata kidogo, lakini pale twamngoja mgeni rasmi na marafiki zake, majina yanasomwa kwa spika, na mwenye shilingi 20 anaona haya kusimama.

Terry Fox wa Canada alikatwa mguu kwa saratani, 1980 akakimbia na mguu wa bandia siku 143, kilomita 5,373, mpaka saratani ikaingia mapafuni akashindwa kuendelea. Alitaka kila Mkanada atoe dola moja tu. Februari 1981 zilikuwa zimepita milioni 24, na nchi nzima ilikuwa na watu milioni 24 hivi. Dola moja moja jamani!

Sisi tuliwahi kutembea kwa ajili ya mgonjwa, tukakimbilia fulana kwanza, pesa nyingi ikaishia kwenye fulana, mgonjwa akaenda Mombasa na kilichobaki. Iliniuma, bado yaniuma.

Kwa hiyo safari hii hakuna fulana. Watoto 200, kila mmoja atafute watu kumi, shilingi 10 kwa kilomita, kwenda Shela na kurudi ni kama kilomita sita, hiyo ni 120,000, na walioko Mombasa watatuma kwa M-Pesa. Tutaangalia siku maji yamekupwa asubuhi, njia isifunikwe. Kadi ziko pale mlangoni, kalamu pia.