Uliza, Kisha Unyamaze

(Mhadhara kwa wanafunzi wa ualimu, Maseno)

Bwana mwenyekiti, wahadhiri walionilea, nanyi mnaosubiri barua za kwenda mazoezi ya kufundisha, hamjambo? Wa huko nyuma mnanisikia? Haya. Nimetoka Ahero alfajiri, nikabadilisha matatu Kisumu. Makanga wa ile ya pili akaniuliza nashukia wapi, na kabla sijafungua mdomo akajijibu: "Pale Ikweta, sivyo?" Nikacheka peke yangu. Ndicho nilichokuja kuwaambia.

Niliingia chuoni nikiwa mtu wa maneno mengi. Mwaka wa kwanza nikachaguliwa kiongozi wa darasa, nikadhani kiongozi ni yule mwenye jibu kabla ya wenzake. Nikaiandikia idara, kwa niaba ya darasa zima, kulalamikia kipindi cha Ijumaa jioni. Idara ikasikia. Kipindi kikahamishwa hadi Jumatatu saa moja asubuhi. Kumbe waliokuwa wakisafiri kutoka mbali walikuwa wameipangia Ijumaa ile maisha yao yote. Hakuna aliyenigombeza. Walinitazama tu.

Ungetarajia nijifunze hapo. Sikujifunza.

Mwaka uliofuata Mto Nyando ukavunja kingo. Wa huku juu huenda hamjui mambo yetu: mvua inanyesha milima ya Nandi na Kericho, nasi Kano hatujaona hata tone, halafu usiku maji yanaingia nyumbani. Nchi yenyewe ni tambarare na udongo ni mweusi wa mfinyanzi. Maji yakishatua hayana haraka ya kwenda ziwani. Familia zilihamia katika madarasa ya shule iliyoinuka kidogo, nasi wanafunzi tukachanga. Nikiwa mtoto wa huko, nikapewa kuongoza. Nikaamua tupeleke vitabu. Maboksi tisa! Tuliyabeba vichwani, suruali zimekunjwa hadi magotini, tukiimba. Mama mmoja akafungua boksi, akapekua kitabu kwa upole, akaniuliza, "Mwanangu, hivi vitalala wapi?"

Nikatazama chini. Watoto walikuwa wamelazwa juu ya madawati yaliyounganishwa kwa sababu sakafu ilikuwa na unyevu. Walichokosa ni maturubai, mishumaa, na maji safi ya kunywa. Mimi ni wa palepale, nilijua njia na lugha ya watu, na bado sikupiga simu moja kuuliza. Tulirudi wiki iliyofuata na maturubai. Vile vitabu tuliviomba virudi, na hiyo ni aibu ya aina yake.

Sasa darasani. Shule ya mazoezi siitaji jina. Niliwasili na azimio la kazi la muhula mzima na andalio la kila somo kwa wino wa rangi mbili. Nilipewa Kiswahili, kidato cha pili, na mada ilikuwa ngeli. Mnajua ngeli zinavyomtesa mtoto anayezungumza Dholuo nyumbani; lugha ile haina upatanisho wa aina hii, kwa hivyo "kitabu yangu" kwake si uzembe. Mimi nilikuwa nikimkata kauli: changu! Akirudia, changu! Baada ya wiki mbili darasa likawa limenyamaza kabisa, nami nikajisifu kwamba nina nidhamu.

Mkaguzi wetu kutoka chuoni alikaa dawati la mwisho dakika zote arobaini bila kuinua kichwa. Tulipotoka akanionyesha ukingo wa daftari lake. Vijistari vya penseli, kama mtu anayehesabu magunia. "Umeuliza maswali thelathini na manne," akasema. "Ishirini na saba umejijibu." Akafunga daftari, akaenda kunywa chai.

Baadaye nilisoma kuhusu Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyesikiliza kanda nyingi za masomo ya sayansi na kuandika matokeo yake miaka ya 1970. Aligundua kwamba walimu, wakishauliza swali, hungoja kama sekunde moja tu kabla ya kuendelea. Wakivumilia hadi tatu au zaidi, majibu hurefuka, wanafunzi wanaoshindwa kujibu hupungua, na wale waliodhaniwa wazito huanza kuchangia. Sekunde tatu! Hebu nyamazeni sasa tuzihesabu... Mmeona? Tayari watu wawili wamekohoa.

Siku iliyofuata ile ya mkaguzi niliandika ubaoni: mti umeanguka, miti imeanguka. Nikauliza kimebadilika nini na kwa nini. Kisha nikaiweka chaki mfukoni, maana ikiwa mkononi huniwasha. Nilihesabu hadi sita. Jasho. Hadi tisa. Msichana wa kando ya dirisha, ambaye sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake, akasema polepole: "Mwalimu, ile ya mbele ikibadilika, ile ya nyuma inaifuata. Kama ng'ombe na ndama." Darasa likacheka, lakini mwingine akadakia, "Kwa hivyo kitabu ndama wake ni cha?" Wakaanza kutafutiana ndama: kiti, viti, jiwe, mawe. Kengele ikalia nikiwa sijafika hata nusu ya andalio.

Mpaka leo, pale ninapofundisha, upatanisho wa kisarufi tunauita ndama. Wenye vitabu vya isimu watanisamehe.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Kuna kijana kule nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja Dholuo, nami nimempita mara mbili. Simama, ndugu yangu. Polepole tu.