Kwanza Nailoni, Sofa Baadaye

Karibuni mkae. Naona simu zimeshatoka mifukoni, na najua kilichomo: picha za besimenti za watu, yaani vyumba vya chini ya ardhi, sofa ya kona, taa za buluu darini, televisheni pana kama mlango. Nitazitazama mwishoni, muda ukibaki. Waliowahi kunisikia wanacheka, kwa sababu wanajua muda huwa haubaki.

Kila anayeniita nikamtazamie besimenti yake iliyobaki zege tupu namuuliza swali moja: maji yanapita wapi? Siulizi kama yapo. Yapo. Umechimba shimo, ukalizungushia zege, ukaliita chumba. Ardhi iliyolizunguka haina habari kwamba umelibadilisha jina. Na zege ina vinyweleo, inanyonya unyevu kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa.

Nasikia tayari kule nyuma: "Yangu haijawahi kuvuja." Vizuri. Hata yangu haikuwahi.

Niwasimulie, maana katika somo hili mjinga wa kwanza ni mimi. Besimenti yangu ilikuwa kavu. Miaka 4 sikuona hata tone. Nikasimamisha fremu za mbao kuzunguka kuta, nikajaza katikati sufi ya kioo, ile ya kuzuia joto na baridi, nikatandaza nailoni, nikapigilia jipsamu, nikapaka rangi, nikaweka zulia ukuta hadi ukuta. Wageni walisifu. Mwezi wa saba tukaanza kusikia harufu. Mke wangu akasema ni viatu. Tukatoa viatu. Akasema ni mbwa. Mbwa hatuna.

Siku moja nikavuta kitabu kwenye rafu ya chini, kikatoka na kurasa zimejikunja kama bati la paa. Nikasogeza rafu. Pale chini ya ukuta palikuwa na vidoa vyeusi, kila kimoja kama punje ya ulezi. Nikabonyeza kwa kidole gumba, kidole kikaingia. Nikapasua ile jipsamu: karatasi yake ya nyuma nyeusi tii, misumari imevaa kutu, sufi imelowa. Nikamulika zege kwa tochi kutoka pembe hadi pembe nikitafuta ufa. Hapakuwa na ufa, hapakuwa na mchirizi, hapakuwa na kitu cha kumlaumu fundi, na fundi mwenyewe nilikuwa mimi.

Maji yalitoka hewani. Weka glasi ya maji baridi mezani siku ya joto, inatoka jasho kwa nje. Nani kayamwaga? Hakuna. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 75 inaanza kudondosha maji ikigusa kitu cha nyuzi 23 au chini ya hapo. Ukuta ulio ardhini unaweza kuwa na nyuzi 18. Sasa sikilizeni ujinga wenyewe: tuliposikia harufu, tukawa tunafungua madirisha kila asubuhi ya joto "ili pakauke". Tulikuwa tunayaingiza maji ndani kwa mikono yetu, na hewa ilipopenya nyuma ya jipsamu ikakutana na zege baridi, ikayaacha palepale.

Kwa hiyo kabla ya msumari wa kwanza, kata nailoni, sentimita 60 kwa 60. Bandika moja sakafuni, nyingine ukutani, uzibe pande zote nne kwa utepe wa gundi, hewa isipite. Usiziguse siku 2, zikiwa 3 ni bora. Ukikuta matone upande wa nailoni unaotazama zege, unyevu unatoka kwenye zege. Ukiyakuta upande unaotazama chumba, unatoka kwenye hewa ya chumba. Pande zote mbili, pole, una vyote viwili. Na usipime mara moja tu. Rudia wakati wa mvua, rudia wakati wa joto. Mtu anapima kiangazi, anashangilia, masika anatembea na ndoo.

Nakazania hivi kwa sababu dawa zake hazifanani. Unyevu ukitoka kwenye zege, toka nje utazame juu. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 30 linakusanya lita 3,000, yaani mapipa 15 ya lita 200. Bomba la gata linamwaga wapi? Mara nyingi hapohapo kwenye kona ya msingi. Lipeleke mbali, mita 1.5 au zaidi, na udongo uinamie nje, sentimita 15 katika mita 3 za mwanzo. Koleo na kipande cha bomba vimeponya besimenti nyingi zilizokuwa zinasubiri mtaalamu.

Kuna mtu ana swali la rangi ya kuzuia maji, namwona anavyojikaza. Kaka, maji yakisimama nje ya ukuta kwa kimo cha mita 2, pale chini yanausukuma kwa uzito wa karibu tani 2 kwa kila mita ya mraba. Wewe umepaka rangi upande wa ndani, unategemea ishikilie tani 2 kwa kung'ang'ania. Itatoka magamba, na nyuma yake utakuta unga mweupe wa chumvi. Rangi hiyo inasaidia unyevu mdogo. Mafuriko haiyawezi.

Unyevu ukiwa wa hewani, funga madirisha siku za joto la unyevu, weka mashine ya kukausha hewa, na kipimo cha unyevu kisivuke asilimia 60. Ukutani gundisha vibao vya povu gumu moja kwa moja kwenye zege, ziba viungo vyote, ndipo fremu zifuate mbele yake. Hewa ya chumba isipate nafasi ya kugusa zege. Lakini usiache povu wazi, linashika moto vibaya na moshi wake ni sumu. Lifunike kwa jipsamu. Na zulia la ukuta hadi ukuta, nawasihi, liacheni juu ghorofani. Chini weka vigae, halafu mkeka unaoweza kuukunja na kuuanika.

Naonyeshwa saa. Haya, haraka haraka.

Kimo: kanuni za nyumba za Marekani, nchi yenye besimenti tele, zinataka mita 2.13 kwa chumba cha kuishi. Ukipungukiwa usichimbe sakafu bila mhandisi. Ukishuka chini ya msingi unautoa udongo uliobeba nyumba nzima.

Chumba cha kulala: bila dirisha la kutorokea, hapana. Kanuni hizohizo kwa jumla zinadai uwazi wa angalau mita za mraba 0.53, na ukingo wake wa chini usizidi sentimita 112 kutoka sakafuni. Niliwahi kuonyeshwa chumba cha mtoto chenye kidirisha ambacho paka angepita kwa kujibana. Niliomba kitanda kihamishwe siku ileile.

Gesi ya radoni: inatoka ardhini, haina harufu wala rangi, na ni kisababishi kikubwa cha saratani ya mapafu. Kipimo chake ni kidogo tu, unakiweka chumbani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi bekereli 100 (bekereli ni kizio cha kupimia mionzi) kwa mita ya ujazo. Pima kabla hujamalizia, kwa sababu bomba la kuitoa hupita sakafuni.

Mpangilio: upande wenye mwanga meza ya kazi, upande wa giza filamu na stoo. Vali za maji na swichi kuu zisifichwe nyuma ya kabati la kudumu. Choo kilicho chini ya bomba la majitaka kinahitaji pampu, na hilo peke yake ni somo la saa nzima, silianzi.

Picha zenu sijazitazama, mnisamehe. Nimekuja na rola ya nailoni, ipo kwa kijana pale mlangoni pamoja na mkasi. Kila mtu akate vipande viwili. Sentimita 60, mama, usikate kama leso.