Revit: Toa hesabu ya tofali za nyumba moja kwa moja kwenye mchoro

Habari zenu. Leo tunachora kuta za nyumba ya mita 10 kwa 9, halafu Revit, programu ya kuchora majengo kwenye kompyuta, yenyewe itatuambia tuagize tofali ngapi.

Fungua faili jipya la metriki, bonyeza UN, hakikisha vipimo viko kwenye milimita. Ingia mwonekano wa ubavuni (Elevation), weka levo tatu, yaani mistari ya kimo: MSINGI -900, SAKAFU 0, JUU YA UKUTA 3000. Ziandike kwa Kiswahili, fundi asome bila kukupigia simu.

Sasa kuta. Hamia plani ya SAKAFU, yaani mchoro wa kutazama kutoka juu. Bonyeza WA, kisha Edit Type, kisha Duplicate. Duplicate kwanza, unene baadaye! Ukibadilisha aina ya asili, kuta zote zilizochorwa kwa aina hiyo zinanenepa pamoja. Tunataka aina mbili: TOFALI 6 KUSIMAMA, unene 150, na TOFALI 6 KULAZA, unene 230, ya msingi.

Mbona mbili? Tofali la inchi 6 hapa ni milimita 450 kwa 230 kwa 150. Likisimama, ukijumlisha udongo wa kujengea (saruji na mchanga) wa milimita 20, linafunika 470 kwa 250, kwa hiyo mita moja ya mraba inakula tofali 8.5. Likilazwa linafunika 470 kwa 170, zinaingia 12.5. Weka na za kuvunjika, kama asilimia 5, unapata 9 na 13. Ila pima tofali la yule unayenunua kwake. Wapo wanaofyatua pungufu, na hapo 9 haitoshi.

Haya, sogeeni karibu na skrini. Kabla hujabofya nukta ya kwanza, angalia upau wa juu, palipoandikwa Height. Pamekaa Unconnected, yaani ukuta haujafungwa kwenye levo yoyote juu, 8000. Umeona? Mita nane! Usichore. Badilisha iwe JUU YA UKUTA. Mzingo wetu ni mita 38: kwa urefu wa mita 3 unapata mita za mraba 114, kwa mita 8 unapata 304. Tofauti ni 190, mara 9, tofali 1,710 za bure. Utazipanga wapi?

Zungusha mzingo, gawa vyumba. Kwa msingi, hamia plani ya MSINGI, chagua KULAZA, Height iwe SAKAFU. Ndiyo, Height tena, iangalie. Milango ni DR, madirisha WN, weka unavyojua. Eneo la matundu Revit inalikata yenyewe, usije ukalitoa tena kwa mkono.

Jedwali: View, Schedules, Schedule/Quantities, chagua Walls. Ingiza Type, Length, Area. Kwenye Filter, bakiza aina ya KUSIMAMA peke yake. Kisha rudi Fields, bonyeza alama ya fx, jina TOFALI, aina Number, uandike hivi:

roundup((Area - Length * 250 mm) / (1000 mm * 1000 mm) * 9)

Hiyo 250 ni linta. Inazunguka juu ya kila ukuta na ni zege, usiilipie tofali. Kwenye mzingo peke yake inaokoa kama tofali 85. Kule kugawanya kwa 1000 mm mara mbili ndiko kunakofuta mita za mraba ibaki namba tupu. Ukiruka, utaletewa ujumbe wa Inconsistent Units, na watu wengi huishia hapo wakidhani programu imeharibika. Area na Length ziandike kwa herufi kubwa mwanzoni, la sivyo haizitambui.

Kwenye Formatting chagua TOFALI, weka Calculate totals. Kwenye Sorting/Grouping washa Grand totals. OK.

Ngoja. Ngoja kwanza. Ukuta wa choo, urefu mita 4, eneo mita za mraba 32? Nne mara ngapi ndiyo 32? Nane. Ndiyo ile ile Height, imeponyoka mbele ya kamera! Vizuri, sasa mmeona inavyojificha, maana kwenye plani ukuta huu unafanana na wenzake kabisa. Bofya mstari wake, bonyeza Highlight in Model, nenda Properties, Top Constraint iwe JUU YA UKUTA. Eneo 12. Tofali zimeshuka kutoka 279 hadi 99. Ndiyo maana mimi sizimi Itemize every instance, ile inayompa kila ukuta mstari wake, mpaka nimesoma mstari kwa mstari. Jumla peke yake haisemi ukweli.

Na mkiona onyo la Highlighted walls overlap, msilifunge tu. Kuna kuta mbili zimelaliana, jedwali linazihesabu zote mbili. Futa moja.

Nakili jedwali hili kwa ajili ya msingi: chujio KULAZA, toa sehemu ya linta, 9 iwe 13. Kiolezo chenye yote haya tayari ninakiuza, ila jaribu kwa mkono angalau mara moja.

Kutuma: File, Export, Reports, Schedule. Linatoka faili la maandishi, lifungue kwenye Excel, mpelekee muuza tofali.