Maarifa Yenye Jina la Fundi

Mwenyekiti, asante. Ndugu zangu, najua mmetoka kula, na mimi ndiye niliyepangiwa saa ya usingizi. Basi habari ya kutunza maarifa ya kazini nitaianza na shimo.

Niliwahi kufanya kazi kwenye mamlaka moja ya maji. Usiku mmoja bomba kubwa likapasuka, maji yanaelekea madukani, na valvu ya kufungia haionekani. Ramani ilisema iko kando ya barabara, ila barabara ilishapanuliwa. Tulichimba mashimo manne. Alfajiri mtu akakumbuka kumpigia mzee mmoja aliyekuwa amestaafu. Mzee akauliza, "Ule mwembe bado upo?" Upo. "Hesabu hatua sita kuelekea msikitini." Ya sita, sururu ikagonga chuma.

Na mfumo wa kompyuta wa kutunzia maarifa tulikuwa nao! Ulinunuliwa, una nywila, kila idara ina kabati lake la kuwekea nyaraka. Humo ndani mlikuwa na waraka wa sare, picha za Mei Mosi na mihtasari ya vikao. Hatua sita kutoka kwenye mwembe hazikuwa na fomu ya kujazia.

Baadaye nikasoma habari za mafundi wa Xerox, kampuni ya Kimarekani ya mashine za fotokopi, nikahisi nasoma habari zetu. Miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Julian Orr, wa kituo cha utafiti cha kampuni hiyo kule Palo Alto, California, alifuatana na mafundi hao kazini. Wakubwa waliamini fundi anafuata kitabu: kosa hili, tiba hii. Orr akaona kitabu kinafika mahali kinaishiwa, na kuanzia hapo fundi anategemea simulizi. Wanakutana kwenye kahawa, mmoja anasema mashine fulani ilivyomsumbua, mwingine anadakia na ya kwake. Meneja akipita anaona watu wanapiga soga saa za kazi. Kumbe kazi yenyewe ndiyo ile.

Miaka ya 1990 kampuni ikatengeneza mfumo ulioitwa Eureka, ukaanza kutumika na mafundi wa Ufaransa. Fundi akigundua dawa ya tatizo lisilomo kitabuni, anaandika kwa ufupi: dalili, chanzo, tiba. Andiko haliendi kwa meneja. Linakwenda kwa mafundi wenzake wanaoijua mashine ile, wanalipima, na likikubaliwa linasambazwa kwa wote likiwa na jina la aliyeliandika. Suala la kuwalipa waandishi lilipoibuka, mafundi wenyewe hawakulipenda: watu wangeanza kuhesabu maandiko badala ya kuangalia ubora wake. Walitaka jina libaki.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana cha fundi wa Brazili aliyekuwa karibu kumbadilishia mteja mashine nzima, ya dola 40,000 hivi. Akatafuta kwenye Eureka, akakuta andiko la fundi wa Montreal, Kanada. Ugonjwa ulikuwa fyuzi ya senti 50.

Hapa ndipo ninapogombana na ndugu zangu wa TEHAMA, na leo naona wamekaa mstari wa mbele. Mnatuuliza tunataka programu gani. Swali langu ni nani atakayelipima andiko la fundi wa pampu. Akilipima mhasibu, au likasubiri saini ya mkurugenzi, fundi ataandika mara moja tu. Atarudi kwenye kundi lake la WhatsApp, ambako wenzake humjibu kwa sauti ndani ya dakika mbili. Kundi lile silidharau, maana ndiyo kahawa yetu. Tatizo lake ni kwamba simu ikiibiwa, au mtu akihamishwa kituo, yale yote yanakwenda naye, na anayekuja kesho anachimba mashimo manne.

Pale kwetu tulianza na ukurasa mmoja wa valvu, wa mafundi peke yao, kila andiko na jina la mwenyewe. Andiko la kwanza tuliliweka kwa jina la yule mzee: mwembe, hatua sita, kuelekea msikitini. Nilipopita pale mwaka jana nikaufungua. Chini ya jina lake kijana mmoja wa zamu ya usiku alikuwa ameongeza, na jina lake pia: "Mwembe umekatwa. Pima mita 3 kutoka nguzo ya umeme, upande wa duka la mkaa."